Ufunguo wa Stoo ya Vitabu

Januari 2019 nilikabidhiwa ufunguo uliofungwa kitambaa chekundu. Mwalimu aliyenikabidhi alikuwa anahama, ana haraka ya basi, akaniambia maneno mawili tu: "Chunga hesabu." Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, nafundisha Kiswahili katika shule ya kata wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kazi ya maktaba ilikuwa nyongeza juu ya vipindi ishirini na sita vya wiki. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo kando ya ofisi ya walimu, dirisha moja la nondo, ndani mna majembe, mafyekeo, mipira iliyoisha upepo, maboksi ya chaki, na vitabu.

Naandika kwa ajili ya mwalimu mwingine ambaye kesho au keshokutwa atakabidhiwa ufunguo kama ule. Mimi niliutumia vibaya kwa mwaka mmoja na nusu. Kuna watoto waliomaliza kidato cha nne katika muda huo bila kushika kitabu cha hadithi hata kimoja, na vitabu vilikuwa hatua thelathini kutoka darasani kwao.

Nilihesabu kwa siku tatu baada ya vipindi. Vya kiada vilikuwa na leja yake, sitavizungumzia. Vya ziada, yaani hadithi, riwaya, mashairi na vitabu vya maarifa, vilifika 214. Kulikuwa na misaada ya ng'ambo: hadithi za watoto wanaoteleza kwenye theluji, juzuu za ensaiklopidia zisizo na wenzake. Lakini hazina nayo ilikuwamo. Pakiti mbili za riwaya fupi za Kiingereza za Tuzo ya Burt, zile zilizoandikwa na Watanzania kwa ajili ya vijana, zilikuwa hazijafunguliwa hata kamba. Chini yake nakala tano za tamthiliya ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Nilizipangusa vumbi, nikaziandika, nikafunga mlango. Nakumbuka jioni ile nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi kubwa.

Mwezi Machi nikasahihisha jaribio la fasihi la kidato cha nne. Binti mmoja aliwapita wote. Dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, kila kitu mahali pake. Nikamwita ofisini nimpongeze, na kwa vile nilikuwa nimefurahi nikamuuliza ni wapi katika riwaya ile palipomuumiza moyo. Akaniangalia. "Madam, hicho kitabu sijawahi kukiona."

Alikuwa amesoma kijitabu cha uchambuzi kinachouzwa steshenari, tena fotokopi yake. Sikuwa na la kumlaumu. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 68 na nakala nne za kitabu teule. Maswali ya fasihi humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili, hoja tatu kila kimoja, na hoja sita zinakaririka jioni moja. Sisi walimu ndio tuliomfundisha hivyo, na tulikuwa tukimpigia makofi paredi kwa kufanya hivyo. Usiku ule nilijiuliza mimi mwenyewe lini mara ya mwisho nilisoma riwaya isiyo ya mtaala. Ilikuwa chuoni, mwaka wa pili.

Nikaamua kuchukua hatua, na hatua niliyoichukua ndiyo ninayoijutia kuliko zote.

Nilitangaza kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili atachukua kitabu kimoja, atakisoma kwa wiki mbili, atakirudisha pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja wenye alama kumi. Niliona ni mpango mzuri, una tarehe, una kipimo. Wiki mbili zikaisha. Nikaletewa rundo la karatasi, na kufika ya ishirini nikagundua ninasoma maneno yale yale: yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Wengine walinakili utangulizi. Kundi la wasichana sita waliandika muhtasari wa kitabu kimoja, kila mmoja akabadilisha jina la kitabu juu. Nilikasirika. Nikachagua waliofanya vibaya kabisa, nikawapa fyekeo, wakafyeka nyasi nyuma ya vyoo.

Kati yao kulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyeandika mistari minane iliyopinda, haina nukta. Nilimpa alama mbili, nikaandika kwa kalamu nyekundu: Hukusoma. Alipokuja kuchukua fyekeo alisema polepole, "Madam, nilikisoma. Kuandika ndiyo sikuweza." Nikamwambia aende akafyeke.

Mwezi Agosti nilikuwa soko la Muheza natafuta machungwa. Mama mmoja muuzaji akanitambua kwa jina la shule. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa vitabu, kisha akanitajia kijana wake. Alikuwa yule yule. "Mwalimu, alituletea ile hadithi ya mvuvi. Usiku tunakaa jikoni anatusomea, mimi na wadogo zake. Sasa kile kitabu kikarudishwa shule, hatujajua mpaka leo yule mvuvi alirudi au hakurudi." Alikuwa anacheka huku ananiongezea machungwa mawili juu ya fungu. Mimi nilikosa pa kutazama.

Jumatatu nilimwita kijana, nikamwomba radhi kama ninavyomwomba mtu mzima, nikampa kitabu akamalizie. Alikipokea, akasema asante madam. Kitabu alikirudisha baada ya siku tatu, kikiwa safi, na hakukanyaga tena mlango wa stoo mpaka mwaka ulipoisha. Nilitamani nikwambie kwamba msamaha ulitosha, lakini haukutosha. Mtoto aliyepewa fyekeo kwa sababu ya kitabu hakumbuki mvuvi, anakumbuka fyekeo.

Baada ya hapo niliogopa, nikafunga stoo. Nilijiambia nitapanga vizuri zaidi mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata ulikuwa 2020. Machi 17 ikatangazwa shule zifungwe kwa sababu ya korona, na watoto wakaenda nyumbani na madaftari yao. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyeondoka na kitabu cha hadithi. Kidato cha sita walirudi Juni 1 na sisi wengine Juni 29, zaidi ya siku mia moja. Watoto wale walikaa nyumbani siku zote hizo bila kitu cha kusoma, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari sebuleni kwangu, nauona kila asubuhi nikichukua mwavuli. Ningeweza kufungua, wachukue kwa zamu. Sikufungua kwa sababu ya yale maneno mawili: chunga hesabu.

Nilipofungua mlango mwanzoni mwa Julai nilikuta mchwa wamepanda ukuta kutoka sakafuni. Rafu ya chini yote ilikuwa udongo. Niliposhika kitabu cha kwanza jalada lilibaki mkononi na ndani hamna kitu. Vitabu kumi na tisa. Wanafunzi hawakuwa wamepoteza hata kimoja.

Nililia, na sioni aibu kusema. Kisha nikabeba yale majalada kumi na tisa kwenye boksi la chaki nikaenda nayo kwa mkuu wa shule. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye hofu kama yangu, maana wadhibiti ubora wakija yeye ndiye anayejibu. Nikayapanga mezani kwake. Nikamwambia, mkuu, hivi tumevichunga sisi wenyewe. Alinyamaza muda, kisha akauliza, "Unataka nini?"

Nilitaka mambo mawili, na nakushauri na wewe uyapate kabla ya yote. La kwanza, vitabu vya ziada vitoke kwenye leja ya vya kiada, viwe na kaunta buku lake. La pili, kikao cha walimu kikubali kwa maandishi kwamba baadhi vitapotea na vitachakaa, na kwamba mwalimu wa maktaba hatakatwa wala hatahojiwa kwa hilo. Bila karatasi hiyo, mwalimu yeyote atarudi kwenye kufunga mlango hata kama anawapenda watoto. Mkuu alikubali kwa sharti kwamba kila muhula nimpe hesabu ya kweli, hata ikiwa mbaya. Kumbukumbu zikaandikwa, zikapigwa muhuri.

Nilianza na kidato cha kwanza B, watoto 71. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yetu yalijaa, na mtu asikudanganye kwamba utapata kona tulivu yenye mazulia. Kila Jumatano nilikuwa na vipindi viwili vilivyoshikana baada ya makande ya mchana. Nikachukua dakika ishirini za kwanza. Vijana wawili walibeba vitabu kwenye mabeseni kutoka stoo, wakayaweka mbele, kila mtu akachagua, akasoma. Hakuna muhtasari, hakuna alama, hakuna swali.

Nilichagua kusomea darasani kwa sababu nilikuwa nimeshajua maisha ya nyumbani. Wanafunzi wangu wengi walitembea kilomita nne, tano, wengine saba. Msichana akifika nyumbani anakuta ndoo inamsubiri, kisha kuni, kisha jiko, kisha mdogo wake wa kuogesha. Anapokaa, giza limeingia na taa ni moja. Ukimwambia mtoto huyo asome nyumbani umemwongezea kazi tu, na wa kiume atamshinda kila wiki, nawe utasema wavulana wanapenda kusoma kuliko wasichana. Dakika ishirini za shule ndizo peke yake zisizodaiwa na mtu.

Wiki ya kwanza ilikuwa kelele. Ya pili, walinyamaza lakini hawakusoma. Niliona kurasa zinageuzwa kwa pamoja kila nikipita. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Wiki ya tatu binti wa dawati la mbele akaniuliza kwa adabu, "Madam, wewe huna kitabu?" Nikafunga madaftari. Nikachukua riwaya kwenye beseni, nikaanza kusoma mbele yao, nikasahau saa. Siku hiyo ndipo nilipoona mabadiliko ya kwanza. Wiki ya tano ilifika dakika moja ambapo nilisikia kunguru wakitembea juu ya bati, na watu 71 wako chini yake.

Jambo la pili lililonichukua muda kulielewa ni ruhusa ya kuacha. Binti mmoja alikaa na kitabu kinene kwa wiki sita. Kila Jumatano anakitoa, anakifungua katikati. Nilipomuuliza pembeni akasema hakielewi ila anaogopa kukirudisha, nisije nikasema hakusoma. Lile neno langu jekundu lilikuwa bado linatembea shuleni. Tangu siku ile tuliweka utaratibu: soma kurasa kumi, kisipokuvuta rudisha, chukua kingine, hutaulizwa. Alirudisha kile akachukua chembamba, akakimaliza siku ile ile, akaja na kingine cha mwandishi yule yule. Watu wazima tunaacha vitabu kila siku bila kuomba radhi.

Badala ya kukagua nilijifunza kuuliza swali moja nikikutana na mtoto uwanjani: "Umefika wapi?" Anayesoma huwa anajibu kwa urefu, na asiyesoma anajibu "naendelea", basi, namwacha. Kisha nikawapa wanaotaka dakika moja mwishoni wasimame wawavutie wenzao kitabu walichokipenda. Kijana mmoja alisimulia riwaya ya upelelezi, akafika pale mpelelezi yuko chumbani hotelini na mlango unagongwa, akasema muda wangu umeisha, akakaa. Darasa lilipiga kelele. Watu kumi na wanne waliandika majina kukisubiri. Mimi nisingeweza kufanya hivyo kwa mwaka mzima wa kuhimiza paredi.

Riwaya hizo za upelelezi hazikuwa za shule. Zilikuwa za baba yangu, za miaka ya 1970 na 1980, alizoziweka kwenye sanduku la bati tangu akiwa karani. Mwenyewe alifariki mwaka 2016. Nilizileta kumi na moja baada ya kuona zile za stoo haziwatoshi wavulana. Naeleza hili kwa sababu lina gharama yake. Moja, yenye jina lake kwa mwandiko wake na tarehe aliyoinunua Tanga mjini, ilipotea mwaka 2021 na haijarudi. Nilikaa siku kadhaa nina uchungu na darasa zima. Kama kuna kitabu usichoweza kukipoteza, kiache nyumbani. Zile kumi zilisomwa mpaka zikaachia uti.

Kwa wavulana wasiotaka kitabu kabisa nilianza na magazeti ya michezo. Kinyozi wa stendi alinipa bure ya wiki iliyopita. Wenzangu ofisini walisema nawafundisha ushabiki wa Simba na Yanga. Lakini kijana anayesoma safu nzima kuhusu mechi, neno kwa neno, ili abishane na mwenzake, anasoma kweli. Wengine waliishia hapo kwenye magazeti, wengine wakahamia hadithi.

Kiingereza kilikuwa mtihani mwingine. Mtoto wetu husoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza karibu vitabu vyote vinageuka kuwa vya Kiingereza. Ukimpa riwaya ya Kiingereza mwezi wa pili, unamfundisha kwamba kusoma ni kupapasa gizani. Nilianza wote na Kiswahili, muhula mzima. Kisha nikatafuta vitabu vyepesi vya Kiingereza, vile vya shule za msingi, vyenye picha. Hawakuvishika. Kijana wa miaka kumi na tano hawezi kuonekana na kitabu chenye picha ya sungura. Dawa yake ilitoka kwa mwanafunzi mwenyewe: tuvifunike vyote kwa karatasi ya kaki, vyepesi na vigumu, tuandike jina tu kwa kalamu. Tulikaa Ijumaa mbili na gundi. Baada ya hapo hakuna aliyejua mwenzake anasoma nini, na vile vyepesi vikaisha kwenye beseni. Zile riwaya fupi za Tuzo ya Burt zilifikiwa mwaka wa pili, na waliozifikia walizipenda kwa sababu majina ya watu na mitaa waliyajua.

Na nakala tano za tafsiri ya Mwalimu? Nilidhani hazitaguswa. Kijana wa kidato cha pili alichukua moja kwa sababu ya jina la mtafsiri tu. Akaniuliza Rais alipata wapi muda wa kutafsiri tamthiliya. Aliirudisha bila kumaliza, akaichukua tena mwaka uliofuata.

Sasa niseme kuhusu faini, maana hapa nilirudia kosa. Mwanzo niliweka shilingi 5,000 kwa anayepoteza kitabu. Ndani ya mwezi mmoja kaunta buku lilionyesha kwamba wanaoazima kwenda nacho nyumbani ni watoto wa walimu, wa wenye maduka na wa mwenye mashine ya kusaga. Wengine waliangalia ile faini wakaona heri wasichukue. Na mama mmoja alikuja shuleni na elfu mbili mkononi kulipia kitabu kilicholowa mvua, akiniomba nimpe siku kumi kwa iliyobaki. Nilimrudishia, nikafuta faini siku ile. Badala yake anayepoteza anakuja Ijumaa kutusaidia kukarabati. Kukarabati tulijifunza Maktaba ya Mkoa Tanga, nilipowapeleka wanafunzi kumi na wawili kwa nauli niliyolipa mwenyewe. Mkutubi mmoja alituonyesha kushona kitabu kilichoachia uti kwa sindano ndefu na uzi wa fundi viatu, kisha gundi ya mbao, kisha tofali juu usiku kucha. Kikundi cha Ijumaa kikawa na watu ambao hawajapoteza chochote. Walikuwa wanakuja kushona na kupiga soga za vitabu.

Hesabu ya kweli niliyompa mkuu wa shule mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa hivi: vitabu 57 havijulikani vilipo. Nilimpelekea mikono ikitetemeka. Alisoma, akauliza vilivyoazimwa ni mara ngapi. Kaunta buku lilikuwa na mistari 2,300 na kidogo. Akatia sahihi. Vingine katika hivyo 57 vilirudi baada ya mwaka na nusu, kimoja kikiletwa na bibi wa mwanafunzi aliyekikuta chini ya godoro.

Mfukoni mwangu, kwa miaka mitatu, zilitoka kama shilingi 380,000: gundi, nailoni, nauli, vitabu vya mitumba kutoka kwa wachuuzi wa Posta, Dar es Salaam, kwa 1,000 mpaka 3,000 kimoja. Mume wangu aliniuliza mara moja kama shule inanirudishia, na nilimjibu kwa hasira kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Nisingeanza upya kwa namna ile. Ningewaomba mapema wanaohitimu kidato cha nne waache kitabu kimoja kwa anayeweza, kama tulivyofanya baadaye. Mahafali ya 2022 tulipata 31. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu inasaidia pia, lakini mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo iliishia kunisaidia mimi mwalimu kuandaa masomo.

Walimu wenzangu hawakuwa wabaya. Mwalimu wa taaluma aliniuliza kwenye kikao, mbele ya watu, hizo dakika ishirini nitazilipaje silabasi ikibaki. Nilijibu vibaya, nikaahidi kwamba ufaulu utapanda. Usiahidi hivyo. Matokeo ya Kiswahili yalikuwa mazuri mwaka mmoja na ya kawaida mwaka uliofuata, na sijui kuyatenganisha na walimu wapya, na vitabu teule vilivyoongezwa, na mengine mengi. Ninachoweza kukuonyesha ni insha. Zamani nikisema andikeni kuhusu safari, napata "Siku moja nilisafiri" sitini na nane, basi limeharibika, tumefika salama. Kidato cha kwanza B walipofika cha tatu, mmoja alianza na harufu ya dizeli na kuku waliofungwa miguu chini ya kiti. Hakuna aliyemfundisha kuanza hivyo.

Yule binti wa alama za juu, aliyekuwa hajaona kitabu, nilikutana naye kwenye daladala mwaka 2022. Anasoma uuguzi. Nilimpa kitabu kilichokuwa kwenye mkoba wangu. Sijui kama alikisoma, na sikumuuliza.

Januari 2024 nilipata uhamisho. Nilikabidhi ufunguo, kaunta buku, beseni mbili, karatasi ya kikao yenye muhuri. Kila kitu kwa sahihi. Mwezi Machi nikapigiwa simu na mwanafunzi wa kidato cha nne kwa simu ya dada yake: "Madam, stoo imefungwa." Nilikasirika kwanza. Kisha nikampigia mwalimu niliyemkabidhi ufunguo, kijana mpya kazini, naye akaniambia, "Dada, wakija kuhesabu nitajibu nini?" Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya mwaka 2019. Nilikuwa nimemkabidhi karatasi na sikumkabidhi ujasiri. Sikukaa naye hata Jumatano moja, sikumpeleka kwa mkuu wa shule tukaongea watatu. Wanafunzi wa Ijumaa walijua kazi yote, nami sikuwaandika popote kama wasimamizi. Mpango wote ulikuwa umening'inia shingoni kwangu. Tuliongea saa nzima, na wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe Jumatano. Sasa anafungua, na viranja wawili wa maktaba wana nakala ya ufunguo.

Shule niliyohamia iko wilaya nyingine, ni mpya zaidi, ina chumba halisi cha maktaba chenye rafu za chuma. Nimehesabu vitabu vya ziada 140, vingi vipya kabisa. Mlango una kufuli mbili. Juzi mkuu wa shule wa hapa aliniuliza kama nina uhakika vikitoka vitarudi. Nilimwambia vingine havitarudi, na nikamwomba tuliandike hilo kwenye kumbukumbu za kikao cha Ijumaa, kabla sijagusa kufuli.